Shingo inayouma miezi sasa: kwa nini mwendo ni tiba, na kwa nini jembe peke yake halitoshi

Msimu wa kuvuna pamba unapofika katika mkoa wetu wa Simiyu, malalamiko ya shingo huja nao. Mvunaji anainama tangu asubuhi, macho chini, mikono ikifanya kazi bila kupumzika, na jioni anajitwisha mzigo kichwani kurudi nyumbani. Lakini si wavunaji peke yao. Fundi cherehani wa sokoni Bariadi analalamika, dereva wa bodaboda anayekwenda Lamadi na kurudi analalamika, mwalimu anayesahihisha madaftari usiku analalamika, na kijana aliyeinamia simu kutwa naye ameanza kujikanda mabega.

Wengi wao wakifika kituo cha afya na kuambiwa wafanye mazoezi, hutoka wakiguna. Wanasema: mimi nalima, nachota maji, naendesha baiskeli. Mazoezi gani tena?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la kueleweka. Katika makala hii tunaeleza maumivu sugu ya shingo ni nini, mazoezi ya mwili mzima yanayoamsha moyo na mapafu yanasaidiaje, kwa nini kazi ya shambani si badala yake, na namna ya kuanza bila kuhitaji kiwanja wala mashine.

Maumivu sugu ni yapi?

Shingo ina pingili 7, misuli mingi iliyopangana tabaka kwa tabaka, na mishipa ya fahamu inayoshuka mpaka mabegani na mikononi. Kazi yake ya kila siku ni kubeba kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5, na kukigeuza huku na huku.

Mtu akilala vibaya au akijivuta ghafla, shingo inaweza kukaza kwa siku chache kisha ikapona yenyewe. Hayo ni maumivu ya muda. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi 3, yawe ya kila siku au ya kwenda na kurudi, wataalamu huyaita sugu.

Tatizo hili ni kubwa duniani. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa watu milioni 203 walikuwa na maumivu ya shingo, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba, yakishakuwa sugu, mara nyingi maumivu hayamaanishi kuwa kuna kitu kinachoendelea kuvunjika ndani ya shingo. Fikiria mbwa wa nyumbani aliyebweka mwizi alipopita. Mwizi ameshaondoka, lakini mbwa bado anabweka kwa kila jani linaloanguka. Mfumo wa fahamu nao unaweza kuzoea kupiga kelele: misuli inakaza, usingizi unapungua, mtu anaogopa kugeuza shingo, na kadiri anavyoogopa ndivyo inavyozidi kukaza. Maumivu ni ya kweli kabisa, hayako kichwani mwa mgonjwa tu. Ila tiba yake inahitaji kumtuliza huyo mbwa, si kumsaka mwizi ambaye hayupo.

Mzigo wa kichwani

Kabla ya kuzungumzia mazoezi, tuangalie kinachoichosha shingo hapa kwetu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Huo ni uzito mara 4 au 5 ya ule ambao shingo imezoea kuubeba. Ngata hulinda utosi, lakini haipunguzi hata kilo moja ya mzigo unaoshuka kwenye pingili.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Ghana na Vietnam kuhusu watu wanaobeba maji. Waliowahi kubeba maji walikuwa na maumivu zaidi ya mikono na ya mgongo wa juu kuliko ambao hawajawahi, na watafiti walieleza kuwa kubeba kwa kichwa kunaukandamiza uti wa mgongo sehemu ya shingo. Mama yeyote wa Meatu au Itilima anayetembea mbali kufuata maji wakati wa kiangazi hahitaji utafiti kulijua hilo, lakini ni vizuri kuona kuwa lugha anayosema mwili wake imesikika na mahali pengine.

Kwa wengine tatizo si uzito bali ni kukaa namna moja. Fundi cherehani anainamisha kichwa kwenye sindano saa nyingi. Misuli ya nyuma ya shingo na ya juu ya mabega inabaki imekaza muda wote huo ili kichwa kisidondoke. Msuli uliokaza kwa saa nyingi haupati damu ya kutosha, unachoka, na unaanza kuuma.

Mazoezi ya erobiki ni nini, na yanafanyaje kazi?

Mazoezi ya erobiki ni mwendo wowote unaotumia misuli mikubwa ya mwili, hasa ya miguu, kwa mdundo usiokatika, kwa dakika kadhaa, mpaka moyo unapiga haraka na pumzi inaongezeka. Kutembea kwa kasi, kukimbia mchakamchaka, kuendesha baiskeli na kuogelea vyote vimo. Ngoma nayo imo. Aliyecheza bugobogobo mpaka jasho likatoka amefanya erobiki, hata kama hajawahi kulisikia neno hilo.

Kipimo chake ni rahisi. Ukiwa katika mwendo unaofaa, unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza kasi. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza.

Miguu ndiyo inayofanya kazi, je, shingo inafaidikaje? Kwa njia kadhaa.

Ya kwanza ni damu. Moyo ukipiga kwa nguvu, damu nyingi zaidi inazunguka mwilini, ikiwemo kwenye misuli iliyokaza ya shingo na mabega.

Ya pili ni dawa ya ndani. Wakati wa mazoezi ubongo hutoa kemikali zinazopunguza maumivu, na ukali wa maumivu unaweza kushuka kwa muda baada ya mazoezi hata katika sehemu ya mwili ambayo haikutumika. Ukirudia mara kwa mara, mfumo wa fahamu unajifunza upya kuwa mwendo si hatari.

Ya tatu ni usingizi na mawazo. Maumivu sugu na kukosa usingizi ni mapacha. Mtu asiyelala anaumia zaidi, na anayeumia halali. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia usingizi na kupunguza msongo wa mawazo, na kwa hiyo hulegeza ule mkazo wa mabega ambao wengi wetu tunao bila kujijua.

Utafiti unasema nini?

Hapa tuseme ukweli wote, kwa sababu wapo wanaotangaza mazoezi kana kwamba ni muujiza.

Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wanawake 42 waliokuwa na maumivu sugu ya misuli ya shingo na mabega. Waligawanywa makundi matatu kwa wiki 10. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuinua vyuma ili kuimarisha shingo na mabega, dakika 20, mara 3 kwa wiki. Kundi la pili liliendesha baiskeli ya mazoezi huku mabega yakiwa yamelegea. Kundi la tatu lilipewa ushauri wa afya tu. Walioimarisha misuli walipata nafuu kubwa iliyodumu. Walioendesha baiskeli walipata nafuu mara baada ya mazoezi, lakini ilikuwa ndogo na ya muda mfupi.

Mtu anaweza kusema basi erobiki haina maana. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Israel walichapisha utafiti uliouliza swali tofauti: je, tukichanganya? Wagonjwa wa kundi moja walifanya mazoezi ya shingo peke yake kwa wiki 6. Wa kundi la pili walifanya mazoezi yaleyale ya shingo, wakaongeza na baiskeli. Walipofuatiliwa miezi 6 baadaye, waliochanganya walikuwa na hali nzuri zaidi.

Kwa hiyo fundisho ni hili: kwa maumivu sugu ya shingo, mazoezi ya mwili mzima ni nusu ya tiba. Nusu nyingine ni kuimarisha shingo na mabega. Ukichukua nusu moja utapata nafuu nusu.

Mbona jembe halinitibu?

Sasa turudi kwenye lile swali. Mkulima anatoka jasho, moyo wake unapiga, kwa nini shingo bado inauma?

Tofauti ya kwanza ni muda. Zoezi la tiba linachukua nusu saa, kisha mwili unapumzika na kujijenga. Palizi inaanza alfajiri na kuendelea mpaka jua la utosi, na kesho vilevile. Mwili hauna nafasi ya kujirekebisha.

Tofauti ya pili ni mkao. Unapotembea kwa kasi, kichwa kiko juu, mabega yamelegea, mikono inabembea. Unapolima kwa jembe la mkono, kuvuna pamba au kubeba pampu ya kupulizia dawa mgongoni, shingo na mabega ndiyo yanayokaza. Sehemu inayohitaji kulegezwa ndiyo inayoongezewa kazi.

Tofauti ya tatu ni uhuru. Kwenye zoezi, wewe ndiye unayepanga kasi, na ukiona maumivu unapunguza. Kazini kasi inapangwa na mvua, na mteja, na jua, na watoto wanaosubiri maji.

Watafiti wa Denmark wamelizungumzia jambo hili kwa upande wa moyo. Wameonyesha kuwa harakati za wakati wa mapumziko huujenga mwili, ilhali kazi nzito ya kutwa nzima haileti faida ileile, na inaweza hata kudhuru. Kwa hiyo anayemwambia mkulima mwenye shingo mbovu kwamba kilimo kinamtosha hajamsaidia. Na anayemwambia aongeze tu jasho bila kumpunguzia mzigo naye hajamsaidia.

Namna ya kuanza: wiki 6 za kwanza

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku 5. Kwa mwenye maumivu, hilo ni lengo la kufikia, si mahali pa kuanzia.

Wiki ya 1 na ya 2: tembea dakika 10, siku 5 kwa wiki. Mikono mitupu. Usibebe ndoo, wala mtoto, wala mkoba begani. Kichwa juu, macho mbele, mabega yashuke, mikono ibembee.

Wiki ya 3 na ya 4: fika dakika 20. Katikati ya safari ongeza kasi kwa dakika mbili, punguza kwa dakika mbili, kisha rudia.

Wiki ya 5 na ya 6: fika dakika 30. Siku moja au mbili unaweza kubadilisha, ukaendesha baiskeli au ukacheza muziki uani na watoto. Ukitumia baiskeli, hakikisha usukani uko juu kiasi kwamba huinami na kisha kukunja shingo ili uone mbele. Mkao huo unarudisha ugonjwa uleule.

Chagua alfajiri baada ya kupambazuka au jioni kabla ya giza. Jua la mchana hapa kwetu ni kali, na kunywa maji ni lazima. Wanaoishi vijiji vilivyo karibu na Pori la Akiba la Maswa wanajua wenyewe kwa nini hatusemi watembee gizani. Akina mama watembee wawili au watatu: ni salama zaidi, na mwenye mwenzake haachi haraka.

Katika siku za kwanza misuli inaweza kuuma kidogo. Kanuni ni hii: maumivu yakiongezeka baada ya zoezi lakini kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa, endelea. Yakiwa bado yako juu asubuhi, usiache, punguza muda kwa nusu. Wenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu au ujauzito wazungumze kwanza na mhudumu wa afya.

Mazoezi ya shingo yenyewe

Fanya haya mara 3 kwa wiki, taratibu, bila kushtua shingo.

Kurudisha kidevu. Kaa wima, tazama mbele. Vuta kidevu nyuma kana kwamba unataka kutengeneza kidevu cha pili, bila kuinamisha kichwa. Hesabu mpaka 5, achia. Rudia mara 10.

Kusukuma kiganja. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku kiganja kikizuia, kichwa kisisogee. Hesabu mpaka 5. Kisha nyuma ya kichwa, kisha kila upande. Tumia nguvu kidogo.

Kubana mabega nyuma. Vuta mifupa ya mabega ikaribiane mgongoni, hesabu mpaka 5, achia. Rudia mara 10.

Kupandisha mabega. Shika chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono. Pandisha mabega kuelekea masikioni, shusha polepole. Rudia mara 10. Ikizoeleka, fanya mizunguko miwili, kisha mitatu. Zoezi hili linafanana na lile la kuinua vyuma la Denmark, na chupa mbili zilizotumika ndizo vyuma vyako.

Fundi cherehani, karani na dereva waongeze jambo moja: kila nusu saa simama, pandisha na shusha mabega, geuza kichwa kulia na kushoto, kisha endelea na kazi. Inachukua dakika moja tu.

Vidonge, sindano na kinyozi

Watu wengi hufika kwenye mazoezi wakiwa wameshapita njia nyingine tatu.

Ya kwanza ni duka la dawa. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni vina nafasi yake kwa siku chache, lakini kuvimeza miezi na miezi bila ushauri kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Mtu anaweza kutibu shingo akajikuta anaugua figo.

Ya pili ni sindano za kutuliza maumivu zinazochomwa mara kwa mara. Madhara yake ni yaleyale ya vidonge, na nafuu yake haidumu.

Ya tatu ni kinyozi. Baada ya kunyoa, kinyozi anashika kidevu na kisogo, anageuza kwa nguvu, shingo inalia "kwaa", na mteja anajisikia mwepesi. Mlio huo hauna maana kwamba kitu kimerudi mahali pake. Ndani ya shingo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ni mara chache, lakini kugeuzwa ghafla kunaweza kuichana na kuleta kiharusi. Mwambie kinyozi wako anyoe, akande mabega ukipenda, lakini shingo asiigeuze.

Dalili za kwenda hospitali, si kwenye mazoezi

Usianze mazoezi, nenda kapimwe haraka, ukiona mojawapo ya haya:

Maumivu yalianza baada ya ajali ya pikipiki, kuanguka kutoka kwenye mti au kupigwa.

Shingo imekakamaa, una homa kali, kichwa kinauma na mwanga unakusumbua. Hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Usisubiri asubuhi.

Mkono au mguu unapoteza nguvu, unadondosha vitu, unayumba ukitembea, au umeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa.

Unapungua uzito, unatoka jasho usiku, una homa za jioni, na maumivu hayapoi hata ukilala. Kifua kikuu kinaweza kushambulia mifupa ya uti wa mgongo, na kinatibika kikigunduliwa mapema.

Maumivu yanatoka kifuani na kupanda shingoni au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo.

Zahanati au kituo cha afya cha karibu ndipo pa kuanzia, na kutoka hapo unaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa, au Bugando jijini Mwanza. Ukifika hospitali, uliza kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia. Ndiye anayeweza kukupangia mazoezi kulingana na shingo yako, na kukurekebisha pale unapokosea.

Nyumba nzima ihusike

Tumesema mazoezi ni mwendo pamoja na kuimarisha misuli. Lakini mama anayetembea nusu saa kwa afya yake kisha akajitwisha ndoo sita anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine. Kwa hiyo tiba hii haimhusu mgonjwa peke yake.

Kama baiskeli ipo nyumbani, ichukue madumu kabla ya kuchukua kitu kingine. Kama kuna punda, mkokoteni au toroli kwa jirani, kodini kwa zamu. Ndoo ya lita 20 igawanywe iwe madumu mawili ya lita 10. Kijana wa kiume mwenye nguvu anaweza kuchota maji, na hakuna mila inayovunjika. Kila bomba la maji linalofika kijijini, yakiwemo maji ya Ziwa Victoria yanayoletwa mkoani kwetu, ni nafuu ya shingo pia.

Na ile nusu saa ya kutembea mikono mitupu, watu wa nyumbani wasiione kuwa uvivu. Kwa mwenye shingo inayouma, hiyo ni dozi yake ya siku hiyo.